Kiduha cha Shamba la Nkwimba

Joyce, ambaye sasa amekalia kiti changu pale ofisi ya kata, ameniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi ili ninyi maafisa ugani wapya mzisome kwenye kundi lenu la simu. Nimeanza nikaacha, nikaanza tena nikaacha. Nimechoka, wanangu. Huu si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Magoti yangu yakisikia neno "shamba" yanauma kabla sijasimama.

Vyeo sitaviongelea. Nilipata vile anavyopata mtu aliyekaa kazini muda mrefu bila kufa. Mshahara mnaujua wenyewe, mnaupokea. Nitawaelezea mmea mmoja unaoitwa kiduha, na mwanamke mmoja anayeitwa Nkwimba, maana nikijiuliza nilikuwa nafanya nini Sapiwi miaka yote ile, hao ndio wanaonijia kwanza.

Nilifika Sapiwi wakati Bariadi bado ipo Mkoa wa Shinyanga. Mimi ni mtoto wa Binza, pale Maswa mjini. Baba alikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa, na jembe nililolijua ni lile la bustani ya shule. Ndiyo, Msukuma mzima, chekeni tu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi vyenye kisigino. Bwana shamba niliyemkuta pale alikuwa Mzee Lushinge, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alivitazama viatu, akanitazama mimi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Hivyo viatu umekuja navyo kwa kazi, au kuna harusi unapitia?"

Nikasema ni vya kazi. Akasema haya, akanipeleka shambani siku hiyohiyo. Kisigino kimoja kilibaki kwenye tope la mbuga, nadhani mpaka leo kipo. Kingine nilikivunja mwenyewe kwa hasira ili nisitembee nachechemea.

Tulikwenda kwenye shamba la mtama lililo juu kidogo, kwenye kichanga kile kilichochoka ambacho sisi tunakiita luseni. Mtama ulikuwa mfupi, wa njano, majani yamejikunja. Mzee akaniuliza ninaona nini. Nikajibu haraka, kama mtu aliyetoka chuo juzi, "Ukame."

Alitazama tu miguu yangu iliyolowa matope ya mvua ya jana yake. Aibu iliyonishika naikumbuka. Ili kuificha nikaonyesha chini, kati ya mashina, palipokuwa na maua membamba yamesimama wima, ya zambarau inayokaribia waridi, yanayopendeza kweli. Nikasema, "Angalau maua mazuri."

"Mazuri sana," akasema. "Yanakula ugali wa watu."

Vifaa vyake vyote vilikuwa panga fupi, ndoo na baiskeli isiyo na madigadi. Alichimba shina moja la mtama pamoja na ua lililokuwa pembeni yake, akalinyanyua na bonge lake la udongo, akalizamisha kwenye ndoo ya maji, akasubiri. Hakulitikisa. Udongo ulidondoka wenyewe polepole. Ulipoisha nikaona mzizi wa ua umeung'ang'ania mzizi wa mtama, kama mtoto kwenye titi. Mtama ulikuwa unakunywa maji na ua linayanyonya yote. Ndiyo maana unanyauka huku mvua inanyesha. Kama hamjawahi kufanya hivyo kwa ndoo, fanyeni. Mkulima ukimwonyesha picha atakuitikia kwa heshima tu. Ukimwonyesha ndoo, atanyamaza, na hapo ndipo mnaweza kuanza kuongea.

Hilo ua ndilo kiduha: huota kwa mvua, huchanua, humwaga mbegu, hufa. Maisha yake ni msimu mmoja. Ila mbegu zake ni laini kama ugoro, shina moja linamwaga nyingi kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu anayezihesabu, na zinakaa ardhini miaka na miaka zikisubiri. Zinasubiri mtama, uwele, mahindi. Mzizi wa mtama ukipita karibu, mbegu inausikia, inaamka, inauvamia. Na hupenda luseni, hupenda shamba lililochoka na mwenye shamba aliyechoka. Kwenye udongo mweusi wa mbugani wenye rutuba utakitafuta ukikose.

Mzee alinipa masharti yake siku hiyo wakati tunarudi, yeye anasukuma baiskeli na mimi niko peku. Kiduha king'olewe na mzizi wake, kisikatwe. King'olewe kabla maua ya chini hayajageuka kahawia, maana kinachanua kuanzia chini kwenda juu, na wakati wewe unayashangaa ya juu, ya chini yameshafunga mbegu. Udongo ukung'utwe palepale. Kichomwe palepale. "Usitembee nacho," akasema. "Hicho kinapenda sana safari." Alistaafu akarudi kwao Mkula akafuga bata, na kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza habari za kiduha kabla hajaniuliza habari za watoto.

Nkwimba nilimkuta mwaka ambao mumewe amefariki. Alikuwa na watoto wadogo watatu. Ng'ombe wa marehemu walirudi kwenye ukoo, yeye akabakiwa na nyumba na shamba moja la luseni, na shamba lenyewe limejaa zambarau. Shemeji yake, kaka wa marehemu, aliitwa Mabula. Huyu Mabula alikuwa anasema shamba limekufa kwa mkono wa mwanamke: kwanza mume, sasa ardhi. Alitaka shamba lile aliunge na ngitili yake, yaani eneo ambalo mfugaji analifunga ili majani yakue kwa ajili ya kiangazi. Sitaki mumwone Mabula kama jitu la hadithi. Alikuwa na ng'ombe wengi na majani machache, basi.

Lakini kulikuwa na maneno mengine. Kuni kule hakuna, na Nkwimba alikuwa anaokota kinyesi cha ng'ombe njiani, anakikausha, anapikia. Moshi wake ulikuwa umemfanya macho kuwa mekundu. Mnajua mjane mwenye macho mekundu kwetu huitwa mchawi, na anaweza kufanywa nini. Sitakiandika.

Aliniambia mara ya kwanza tu, anapepeta choroko, hata hakunyanyua uso. "Mayu, wakinitoa hapa sina pa kwenda. Kwetu wameisha wote. Hili shamba ndilo linalofanya niitwe mtu wa hapa."

Nikamwambia apande pamba. Pamba ina ujanja wake: mzizi wake unaiamsha mbegu ya kiduha kama mtama unavyofanya, ila ikishaamka haipati cha kunyonya, inafia hukohuko chini. Ukirudia misimu kadhaa, ardhi inapungua sumu. Nilimweleza vizuri, kwa ufasaha, nikaridhika na nafsi yangu.

Akaniuliza, "Na sisi tutakula nini?"

Nikaanza kumtajia bei ya pamba.

"Ninyi wa serikali mnaipenda pamba kwa sababu hamuili," akasema.

Tukakutana katikati: sehemu kubwa pamba na choroko, pembe moja mtama wa kula, na kwenye ile pembe tung'oe kiduha kimoja kimoja. Nilikwenda kung'oa naye asubuhi kabla ya kazi nyingine. Hiyo haikuwa kwenye maelezo ya kazi yangu na mkubwa wangu mmoja aliniambia hivyo. Watoto wa Nkwimba msimu ule walishindia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na siku nyingine kwa majirani. Mtu akiwaambia kilimo bora kinaondoa njaa, mwulizeni mwaka gani.

Kiduha kilitoka kwa wingi kuliko mikono yetu. Akaita kundi la akina mama wanaolima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, wanaimba na majembe yanakwenda na wimbo. Nami nilikuwa nimeitwa semina Bariadi mjini, semina ya chai na maandazi. Kabla ya kuondoka nikawaambia: ng'oeni, chomeni palepale. Wakaitikia.

Waling'oa kweli. Niliporudi pale pembeni palikuwa peupe kabisa, mtama umeanza kupumua. Nikatafuta majivu. Sikuona majivu.

"Mlichoma wapi?"

Kiongozi wa kundi akacheka. "Bibi Shamba, majani mabichi yote yale tuyachome na ng'ombe wapo? Utatuletea laana. Tulimpelekea shemeji yake."

Nilikaa chini, hapohapo kwenye tuta. Kumbukeni, kwa Msukuma jani bichi halitupwi. Nkwimba hakuwa na ng'ombe, kwa hiyo wale mama walijitwisha mizigo ya kiduha, wakaenda wakiimba mpaka kwenye zizi la Mabula, wakamwaga mbele ya ng'ombe wake, heshima ya mjane kwa shemeji. Mabula mwenyewe alishukuru, wabeja, wabeja sana. Na maua ya chini yalikuwa yameshageuka kahawia. Ng'ombe wakala.

Msimu uliofuata Mabula alimwaga samadi ya zizi lile kwenye shamba lake la mahindi, lile zuri lililo karibu na nyumba. Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakakunjamana. Kisha kiduha kikatoka. Kikatoka katikati ya mahindi, kikatoka na kwenye vijishamba vya mtama vilivyo kando ya njia ya ng'ombe, zambarau kutoka upande wa nyumba ya Nkwimba mpaka mlangoni kwa Mabula. Ukisimama juu ungedhani kuna aliyekipanda kwa kamba.

"Ua limetembea," Mabula akasema. "Amelituma."

Niliitwa na mtoto mkubwa wa Nkwimba. Nilipiga pedali mpaka nikasikia ladha ya damu mdomoni. Nilikuta watu wamejaa kwenye zizi, vijana wameshika fimbo, na si fimbo za kuchungia. Nkwimba amekaa chini kwenye vumbi, watoto wake wamemng'ang'ania. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi tu, na nilijua kabisa kwamba nikikosea neno moja, yule mwanamke hatalala hai. Niliogopa, jamani.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mzee mfupi mwenye sauti nyembamba. Nikamwomba ndoo ya maji. Watu wakanung'unika, lakini akaagiza ikaletwa. Nikachimba hindi moja la Mabula na kiduha chake, nikazamisha, nikasubiri kama nilivyofundishwa. Sijawahi kuona udongo unachelewa kudondoka kama siku ile. Nikawaita wazee waangalie kilivyoshika mzizi. Wakaangalia.

"Tumeona kinanyonya," Mabula akasema. "Sijauliza kinafanya nini. Nimeuliza kimefikaje."

Swali la haki. Nikageukia wale mama wa kundi waliokuwa nyuma wamefunika midomo kwa kanga. Nikawauliza mwaka jana baada ya kung'oa walikwenda wapi. Waliogopa, na mimi nisingewalaumu. Kisha yule kiongozi wao akasogea mbele, akashusha kanga: "Tulileta hapa sisi. Tulimwaga pale. Na wewe, baba Mabula, ulituchotea maziwa."

Watu wakaanza kusemezana. Nikaeleza: ng'ombe amekula, mbegu imetoka nzima kwenye kinyesi, kinyesi kimedondoka njiani na kingine kimekuwa samadi, samadi imekwenda kwenye mahindi. Mabula akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ndio wachawi?"

"Ng'ombe hawana uchawi, Mabula," mwenyekiti akasema taratibu. "Wana kinyesi."

Mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, na fimbo zikashuka. Niliwapenda wote kwa kile kicheko, hata wale waliokuja kuua.

Msidhani niliondoka pale nimeshinda. Mabula alikuwa ameaibishwa mbele ya watu na alitaka kitu mkononi. Ukoo ukatoa kauli: Nkwimba abaki, lakini siku ua lile likionekana limechanua tena shambani kwake, anaondoka, na hakutakuwa na kikao kingine. Nikapinga. Nikamwambia mwenyekiti mbegu zipo ardhini kwa miaka, hakuna mtu Sapiwi nzima anayeweza kutimiza sharti lile, hata mimi nikilala humo.

"Mayu," akaninong'oneza, "hilo ndilo nililolipata. Usiniombe zaidi."

Nkwimba akasema kutoka kule chini alipokaa, "Nimekubali."

Na akalitimiza. Kila msimu, kila alfajiri, kabla wachungaji hawajapita na ng'ombe, alikuwa shambani. Alijifunza kukijua kikiwa kidogo kama kidole, bado hakijafikiria kuchanua. Aling'oa na mzizi, akakung'uta palepale, akachoma palepale. Alirudia pamba, alirudia choroko, akapata samadi ya mahali pengine safi, mtama ukarudi, watoto wakakua, wakaondoka. Mimi nilikwenda kwenye mambo mengine: viwavijeshi, mbegu feki, tembo waliokuwa wanavuka kuja kula mahindi ya watu, na wakulima waliotaka niwaandikie barua kwa tembo. Nikipita njia ile nilisimama. Tulisalimiana, mwangaluka, mhola, ananionyesha shamba kwa mkono kama mtu anavyoonyesha mtoto aliyefaulu. Mabula alifariki. Kauli ya ukoo haikufariki naye. Watoto wake wanapita pale na ng'ombe kila asubuhi, na wanatazama.

Sasa nije kwenye ile sherehe yangu ya kuagwa, mliyokuwepo wengi wenu mnakula pilau. Mtendaji alihutubia, akasema mengi mazuri juu ya mtu ambaye mimi simfahamu. Nikapewa kitenge. Kisha Joyce akaja mbele na shada la maua limefungwa utepe: bogenvilia za uani pale ofisini, na katikati maua ya zambarau, membamba, yamesimama wima.

Joyce, usione haya kusoma hapa. Wewe umetoka Kagera kwenye migomba, ulikuwa na wiki chache tu kwetu, na mimi siku yangu ya kwanza nilisema maua mazuri, na mzee wangu alinivumilia.

Nilitaka kupiga kelele. Kiduha, ndani ya ofisi ya kilimo, na utepe! Nikakishika nikaangalia maua ya chini. Yalikuwa bado mabichi, mbegu haijafunga. Nikashusha macho zaidi. Kila shina lilikuwa na mzizi wake. Mzima, mpaka ule uzi wa mwisho, umekung'utwa udongo, umeviringishiwa kipande cha kanga kuukuu chenye maji. Mtu anayechuma maua ya shada hachumi na mizizi.

"Joyce, haya umeyachuma wewe?"

"Hapana, mama. Kuna bibi mmoja kule njiani, nilisimama kumsalimia. Nikamwambia tunamuaga mama. Akaingia shambani akapapasapapasa, akaniletea. Nilitaka kukata mizizi, akakataa kabisa."

"Akapapasa?"

"Haoni vizuri, mama. Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Akasema, mpelekee mayu hivyohivyo, ataelewa."

Wote mlikuwa mnapiga makofi. Mimi nililia, mkadhani ni kwa ajili ya kuagwa.

Macho yale mekundu ya Nkwimba yalikuwa yamezimika, na hakumwambia mtu, maana angemwambia nani? Kiduha kina majani yanayokwaruza, kwa hiyo alikuwa anakitafuta kwa vidole, na alichokipata ni kile kilichokwisha kuwa kirefu, kilichokwisha kuchanua. Kidogo hawezi tena. Alijua vingine vimo humo ndani vimesimama, vinangoja kuonwa na watoto wa Mabula. Hakuniletea zawadi. Aliniita.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, nilimwomba Joyce anibebe kwa pikipiki. Nilikuwa sina kitambulisho cha kazi, sina mabuti ya mpira, nilikuwa nimeyarudisha stoo na kusaini. Niliteremka nikiwa peku. Nkwimba alikuwa amesimama mwanzoni mwa shamba, ameshika fimbo yake, uso ameuelekeza kwenye mlio.

"Mwangaluka, dada," nikasema.

"Mwangaluka. Nasikia wamekustaafisha."

"Ndiyo, imeisha."

"Umechoka?"

"Nimechoka sana, dada."

"Hata mimi," akasema. Akanyoosha mkono, akanishika bega, akaniminya. Kule bondeni kengele za ng'ombe zilikuwa zimeanza kusikika. "Anzia upande wa njia. Huyo mwenzako mwambie avue viatu."